TB na Kuvu Zinapompata Mgonjwa Mmoja
Kifua kikuu huletwa na bakteria. Kriptokokasi ni kuvu ya udongoni na kwenye kinyesi cha njiwa; huvutwa kwa pumzi na huweza kufika ubongoni. Anayeishi na VVU, seli zake za CD4 zikiwa chini ya 200, anaweza kupatwa na yote mawili kwa pamoja. Hivyo mgonjwa wa TB anayeumwa kichwa siku nenda siku rudi, shingo ikikakamaa au akichanganyikiwa, asiambiwe avumilie. Panadol haiui kuvu! Mkazi wa Maseno, mpeleke hospitalini Chulaimbo mapema, uulizie kipimo cha damu cha kriptokokasi. Mtajie daktari dawa zake zote: rifampisini ya TB hupunguza nguvu ya flukonazoli inayotibu kuvu hiyo.