SOMO LA VIKUNDI: TUMTUMAINI MUNGU, SI YALE YALIYOTUPATA



 Somo la safari hii limetoka katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Likoni. Lisomeni pamoja polepole, Biblia ikiwa karibu, halafu mzungumze juu ya maswali yaliyo mwishoni. Asiyejua kusoma asikilize na achangie kama wengine.

1. TUTAZAME

Tulikuwa tumemaliza kuhesabu michango. Kabla ya sala ya kufunga, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Akasimama mama mmoja ambaye sasa ni nyanya wa wajukuu wengi. Akarudia jambo tulilolisikia kwake mara nyingi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, alikuwa aende mjini kufanya kibarua. Mtoto akatapika, ikabidi abaki kumwosha. Alipofika kivukoni Mtongwe, feri ilikuwa imeshaondoka.

Kilichofuata wengi wenu mwakijua. Feri ile ilipinduka karibu na ufuo, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa jasho, wanakwenda kazini kisiwani.

"Nilikuwa nimesali alfajiri," akasema yule mama. "Mungu awajua walio wake. Hiyo ndiyo imani yangu, nimeiona kwa macho."

Tukapiga makofi. Lakini mama mwingine, aliyekaa karibu na mlango, hakupiga. Mume wake yeye aliiwahi feri ile. Akasema taratibu tu, "Dada, na mume wangu alisali alfajiri. Tulisali pamoja." Akajitanda kanga yake, akatoka.

Mkutano uliofuata hakuja. Wa pili pia hakuja, mchango wake ukaletwa na mjukuu. Nikamtembelea nyumbani. Akanikaribisha chai, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe umesomea mambo haya, nijibu. Kama kupona kwake ni dalili ya kupendwa, kufa kwa mume wangu ni dalili ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimaliza chai nikaaga. Somo hili nimeliandika kwa sababu ya swali lile.

2. TUPIME KWA NENO LA MUNGU

Yule mama wa kwanza hakusema uongo. Jambo lilimpata kweli, na kushukuru ni haki yake. Kosa liko mahali padogo: lile lililompata alilifanya kipimo cha Mungu. Kama amepona, basi Mungu ampenda. Je, siku akiugua? Je, biashara yake ya mahamri ikianguka? Imani iliyojengwa juu ya "nimeona mwenyewe" ya leo itabomolewa na "nimeona mwenyewe" ya kesho.

Fungueni Luka 13:1-5. Huko Siloamu mnara ulianguka ukaua watu 18. Yesu anauliza kama hao walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha anawaita wote waliobaki hai watubu. Angalieni vizuri. Yesu hakueleza kwa nini walikufa wale wakabaki hawa. Aliwakataza kutumia msiba kuwa mizani ya kupimia watu. Waliokufa Mtongwe hawakuwa wabaya kuliko waliobaki gatini, na waliobaki hawakuwa wema kuliko waliozama.

Fungueni pia Ayubu sura ya 4. Elifazi, rafiki yake Ayubu, anamhubiria mtu aliyezika watoto wake. Anasema kwa yale aliyoyaona maishani, anayepanda mabaya huvuna mabaya. Tena anasimulia maono ya usiku yaliyomsimamisha nywele. Alikuwa na mambo aliyoyaona, alikuwa na maono, na bado alikosea. Katika Ayubu 42:7 Mungu mwenyewe anamkasirikia kwa kusema yasiyo sawa juu yake.

Na Petro je? Huyu alimwona Bwana aking'aa mlimani na akasikia sauti kwa masikio yake. Lakini katika 2 Petro 1:16-19, baada ya kutaja jambo hilo kubwa, anawaelekeza Wakristo washike neno la manabii kama taa mahali penye giza. Ikiwa Petro aliwapeleka watu kwenye neno, sisi na ndoto zetu tutawapeleka wapi?

Msingi wetu ni Yesu msalabani. Siku ile, kwa kutazama tu, kila mtu angesema Mungu amemwacha. Yesu mwenyewe alilia hivyo (Mathayo 27:46). Hata hivyo akaiweka roho yake mikononi mwa Baba (Luka 23:46). Siku ya tatu ikaonekana kwamba macho ya watu hayakuwa yameona yote. Kwa hiyo mkitaka kujua kama Mungu awapenda, msiangalie kwanza feri, mavuno wala hospitali. Angalieni msalaba, ambako Mwana wa Mungu alikufa pamoja na wanaokufa.

3. KABURI LA KISAUNI

Hapa kwetu tuna mfano wa zamani. Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la Waanglikana. Alikuja na mkewe, Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua, akafa kwa homa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Waliwazika upande huu wa bara, Kisauni.

Pimeni hayo kwa macho ya kawaida. Mtu ameacha kwao kwa ajili ya Mungu, na katika miezi michache amezika mke na mtoto. Angeweza kusema, "Nimeona mwenyewe, Mungu hataki niwe hapa." Hakusema hivyo. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi imeanza. Akaendelea kujifunza na kuandika Kiswahili. Mwaka 1846, alipofika mwenzake Johannes Rebmann, walianza kituo cha Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki.

Sisi Wakatoliki tunaye pia Mtakatifu Teresa wa Kalkuta, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2016. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa miaka mingi sana hakuhisi chochote aliposali, giza tupu. Lakini alfajiri aliamka akasali, kisha akaenda kwa maskini. Kama angengoja kuhisi, wangeoshwa na nani?

4. ANGALIENI MSIKOSEE

Kumtumaini Mungu si kufumba macho. Feri ya Mtongwe ilibeba watu kupita kiasi chake, na hilo ni kosa la binadamu. Kulibandika jina la mapenzi ya Mungu ni kumsingizia. Vilevile kuku wakifa kwa kideri, tuulize kwanza kama walichanjwa. Uzoefu wa kazi ni zawadi. Mkulima ajua msimu wake, na mweka hazina ajua nani hulipa kwa kuchelewa. Ndugu zetu Waislamu tulio nao vikundini hutaja tawakali, nao pia hufunga mlango usiku.

Wala kumtumaini Mungu si kuyatumaini maono ya mtu mwingine. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikufa kwa njaa, wakiamini kwamba kufunga mpaka kufa kutawafikisha kwa Yesu. Wako waliouza walivyokuwa navyo wakaenda na watoto wao. Mtu akiwaambia, "Mungu amenionyesha," hata awe na machozi, pimeni kwa Neno, kwa mafundisho ya Kanisa na kwa akili mliyopewa. Na hapa kikundini, pesa zisitolewe kwa ndoto. Zitolewe kwa mkutano, kwa kura, na ziandikwe kitabuni.

5. TUTENDE

Haya ndiyo niliyoyaleta kwenye kikundi kile, nanyi myajaribu:

(a) Katika ushuhuda, sema lililotokea, shukuru, kisha nyamaza. Usieleze kwa nini wewe na si jirani yako.

(b) Mwenzenu akipatwa na hasara au msiba, msimtafutie dhambi. Mtafutieni unga, na mkae naye.

(c) Asiyekuja mikutano miwili atembelewe na watu wawili.

Sisi tulianza na hilo la tatu. Nilikwenda kwa yule mjane tena, safari hii pamoja na yule mama wa ushuhuda. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, nisamehe. Najua nilipona. Kwa nini mimi, sijui." Mjane alimtazama kitambo, akasema, "Karibu kitako."

Mkutano uliofuata alikuja. Ameniambia swali lake bado analo, ila sasa humwuliza Mungu mwenyewe kila alfajiri, kwa sala ileile aliyokuwa akisali na mumewe. Nafikiri kati yetu sote yeye ndiye mwenye imani kubwa, maana hana la kuonyesha na bado anasali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Je, katika kikundi chetu yuko mtu aliyeumizwa na ushuhuda au maneno yetu? Tufanye nini?

2. Ni jambo gani lililokupata ambalo umelifanya kipimo cha Mungu, liwe zuri au baya?

3. Hasara yetu ya mwisho ilisababishwa na nini hasa? Tunaweza kurekebisha nini?

4. Tumeamua nani amtembelee nani kabla ya mkutano ujao? Yaandikwe majina.

TUSALI

Ee Baba, tulipopona tulikushukuru. Tulipozika tulikulilia. Hatujui kwa nini. Tufundishe kukushika wewe hata pale mikono yetu isipogusa kitu. Uwapumzishe marehemu wetu wa Mtongwe na wa kila mahali, na utupe moyo wa kukaa na wanaolia. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.