Ruzuku ikichelewa, nani hulipa?

Swali: Wakulima wa England walicheleweshewa ruzuku mwaka 2006. Mbona serikali nayo ilipoteza fedha?

Jibu: Kanuni ya Umoja wa Ulaya ilitaka serikali imlipe mkulima kati ya 1 Desemba na 30 Juni, ndipo irudishiwe fedha. Ikipitisha muda, marejesho yalikatwa. England ilichagua hesabu ngumu iliyochanganya malipo ya zamani na ukubwa wa shamba, kwa hiyo ramani za vipande vya ardhi, hata vya wenye farasi wawili watatu, zikahitaji kuhakikiwa. Kufikia mwisho wa Machi, asilimia 15 tu ya fedha ndiyo iliyokuwa imelipwa. Wakulima wakakopa benki, kwa riba. Inauma: fomu walizijaza, makosa yakawa ya ofisini, na pengo la marejesho yaliyokatwa likazibwa kwa kodi za wananchi.