Taka za Shambani Zafikaje Baharini?

Wakulima wengi hudhani ya kuwa plastiki inayoelea baharini hutupwa na mabaharia tu. Sivyo. Nyingi hutoka nchi kavu, hata mashambani mwetu. Haya, tuifuate njia yake.

1. Shamba mpaka mto. Kiriba cha miche kilichochanwa, gunia la mbolea, chupa ya dawa: vikiachwa ukingoni mwa shamba havionekani kuwa na madhara. Lakini plastiki haiozi kama kuti la mnazi. Hungoja masika. Mvua huikokota mpaka mtaroni, na mtaro huipeleka mtoni.

2. Mto mpaka hori. Mto Kombeni hushuka toka upande wa Rabai na kuingia hori ya Tudor, jirani na Kisauni. Mto Mwache huingia hori ya Port Reitz, iliyo baina ya Changamwe na Likoni.

3. Hori mpaka bahari kuu. Maji yakijaa, taka hunasa katika mizizi ya mikoko. Yakipwa, nyingine huchukuliwa nje. Jua na mawimbi huivunja plastiki vipande vidogo, na samaki huvimeza.

Hasara huanzia kwako. Ng'ombe akila plastiki, huweza kuzibwa tumbo. Hukonda hali majani ni tele, na pengine hufa. Mtaro ukizibwa, maji hufurika na kuchukua udongo wako mzuri.

Basi fanya hivi:

(a) Kabla ya masika na vuli, okota plastiki zote shambani, uzihifadhi katika gunia mahali pakavu.

(b) Chupa ya dawa isukutue mara tatu, maji yake uyatie katika bomba la kunyunyizia, kisha uitoboe. Usiioshe mtoni, wala usiitumie kwa maji ya kunywa.

(c) Usichome plastiki. Moshi wake ni sumu.

(d) Weka wavu wa waya mtaroni, na usafishe kila baada ya mvua.

Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa na sheria ya Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Jaribio: siku ya mvua, tia makumbi matano ya nazi mtaroni, uyafuate. Yanakokwenda ndiko iendako taka yako.

Maswali: Mtaro wako huingia mto gani? Nani huvua samaki mwisho wake?