Amekosa penalti? Anza hapa

Timu imetolewa, na aliyepaisha mpira ni kijana wako. Uwe kocha, kiongozi wa klabu au kaka yake, kazi yako inaanza filimbi ikishalia.

Mtoe uwanjani mwenyewe. Usimwache apande gari la mashabiki kutoka Uwanja wa Gombani hadi Wete, hapa Pemba. Mkalishe mbele, karibu na dereva, pamoja na mwenzake anayeelewana naye. Zungumzeni mengine, au nyamazeni.

Usiku ule usichambue mechi. "Ungepiga kushoto" haimsaidii mtu. Subiri mazoezi.

Simu ndiyo inayoumiza zaidi. Zamani maneno yaliishia barazani. Leo kuna magrupu ya WhatsApp, na humo yumo aliyechaniwa mkeka wa kubeti. Mshauri akae mbali na grupu siku chache. Kama wewe ndiye admini, mtoe anayetukana, hata akiwa ndiye anayewanunulia jezi. Hapo viongozi wengi hunywea.

Asubuhi pita kwao. Ukimuuliza "hujambo?" atajibu "sijambo", mmalize. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini. Kama ni msimu wa karafuu, aende akachume na wenzake. Mikono ikiwa na kazi na watu wapo, kichwa hupumua.

Ukitaka mfano, mpe wa nyumbani. Desemba 2017 Zanzibar Heroes walitoka sare ya 2-2 na Kenya katika fainali ya CECAFA kule Machakos, wakafungwa kwa penalti. Waliporudi walipokewa kishujaa.

Mazoezini mrudishie mpira mapema. Apige penalti akiwa na kipa tu, bila watazamaji. Na kama mechi ijayo humpangi, mwambie mwenyewe, na sababu umpe. Asilisikie jambo hilo kwa wenzake.

Wiki mbili zikipita bado halali, hali chakula vizuri, au anawakwepa hata wa maskani yake, mpeleke Hospitali ya Wete. Daktari ndiye atakayesema kama kuna haja ya kuvuka hadi hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja. Wazee wakisema kafanyiwa, usibishane nao. Kisomo kisomwe, na hospitali aende.

Akitamka kwamba afadhali afe, usihesabu wiki. Mpeleke siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Mfuate hadi ndani kwa daktari, kijana mwenyewe akikuruhusu. Timu waambie ana ruhusa, basi.