Somo la Ordinateri: Kugeuza Maandishi Kuwa Namba katika Lugha ya C

Wengi wetu tunapoanza kuandika programu, kazi ya kwanza ni liste ya pointi. Kazi hiyo ni muzuri, lakini iko na mutego. Tukiandika 70 kwenye klavye, ordinateri haipokei sabini. Inapokea maandishi: herufi 7, kisha herufi 0, kisha alama ya kumaliza, ndiyo '\0'. Mbele ya kujumlisha, lazima tuyageuze maandishi hayo kuwa namba. Na kwa kuwa pointi hazishuki chini ya sifuri, tunachagua unsigned int, ni kusema namba nzima isiyokuwa na alama ya kutoa.

Ubaya wa atoi

Wengi wanatumia atoi juu iko fupi. Tuangalie mistari mitatu:

"70" inatoa 70
"7O" inatoa 7 (mwisho ni herufi O, si sifuri)
"hakufika" inatoa 0

Mustari wa kwanza ni sawa. Katika wa pili, mwenye pointi sabini amebaki na saba. Katika wa tatu, mwanafunzi aliyelala mgonjwa amehesabiwa sawasawa na yule aliyefanya mutihani akakosa yote. Na programu haikusema kitu! Kosa lenye kupiga kelele linasahihishwa siku ileile. Kosa la kimya linaingia ndani ya palmares, linapigwa sahihi, na mutoto anarudi nalo nyumbani. Tena, namba ikipita kipimo cha int, kanuni ya C haiahidi jibu lolote.

Maswali matano ya strtoul

Kanuni ya C ya mwaka 1989 inatupa strtoul. Lakini hiyo nayo hailindi mutu asiyeuliza. Basi tuulize:

1. Maandishi yanaanza na tarakimu? strtoul inaruka nafasi tupu, na inakubali alama ya kutoa. "-1" haiikatai: pale unsigned long iko na biti 64, inatoa 18446744073709551615 bila kuonyesha kosa. Kwa hiyo tuangalie herufi ya kwanza sisi wenyewe. Hapo tunakamata pia maandishi matupu.

2. Tunahesabu kwa msingi gani? Tuandike 10. Tukiandika 0, sifuri ya mbele inafanya namba isomwe kwa msingi wa nane, na "070" inakuwa 56.

3. Ilifurika? Tuweke errno = 0 mbele ya kuita, juu strtoul haiifuti yenyewe. Kisha tutazame kama imekuwa ERANGE.

4. Namba inaenea ndani ya unsigned int? Kwenye Linux ya biti 64, unsigned long iko na biti 64, na unsigned int biti 32 tu. 4294967297 ikimiminwa ndani, inabaki 1. Tuipime na UINT_MAX.

5. Ilisimama wapi? Lazima isimame kwenye '\0'. "7O" inasimama kwenye O, na "68,5" kwenye koma.

Programu yenyewe

#include <ctype.h>
#include <errno.h>
#include <limits.h>
#include <stdlib.h>

int soma_namba(const char *neno, unsigned int *jibu)
{
    char *mwisho;
    unsigned long n;

    if (!isdigit((unsigned char)neno[0]))
        return 0;
    errno = 0;
    n = strtoul(neno, &mwisho, 10);
    if (errno == ERANGE || n > UINT_MAX)
        return 0;
    if (*mwisho != '\0')
        return 0;
    *jibu = (unsigned int)n;
    return 1;
}

Tuone ginsi majibu mawili yanapita njia mbili. "Nimeweza" au "nimeshindwa" inarudi kwa return. Namba inawekwa ndani ya jibu. Ndiyo sababu pointi 0 ya kweli haichanganyikani tena na "hakufika". Ikirudi 0, programu iandike jina la mwanafunzi na mustari wake, ili sekretere auangalie kwenye karatasi.

Mambo mawili yamebaki. Mustari uliosomwa kwa fgets unabaki mara nyingi na '\n' ya mwisho: tuiondoe kwanza, la sivyo hata "70" itakataliwa. Tena soma_namba haijui kama pointi zinaishia 100. Kipimo hicho tukiandike wenyewe pale tunapoiita.

Zoezi

Bila kuwasha ordinateri, andika kama soma_namba inakubali au inakataa, na ni swali gani lililoikamata: "0", " 70", "+70", "070", "70 ", "4294967296". Kisha jaribu kwenye mashini, ulinganishe.