SOMO: MTEJA WA LEO NA ASALI YETU



Wahenga walisema: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa kuwa asali ya misitu ya miyombo ya Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua ni njema, wengi wetu tumengoja mnunuzi aje mwenyewe. Lakini chema hujiuza pale ambapo mnunuzi anaweza kukiona na kukionja. Akiwa mbali, hana budi kujulishwa, tena kwa njia anayoitumia yeye.

Funzo la misafara

Jambo hili si geni Tabora. Katika karne ya 19 mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Shanga na nguo zilitumika kama fedha, lakini kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Stanley, alipokuwa akinunua bidhaa Unguja mwaka 1871, alijifunza kwamba Wanyamwezi walipenda shanga nyekundu ziitwazo sami-sami, na kwamba shanga nyeusi zilizopokelewa Ugogo hazikuwa na thamani kwingine. Aliyekosea kuchagua alibeba mzigo usioweza kumnunulia hata chakula. Kisha, reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia yenyewe ya biashara ikabadilika.

Njia za habari zimebadilika

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam. Tangazo moja liliwafikia wasikilizaji wote. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, na wasikilizaji wakagawanyika. Tangu mwaka 2008 malipo kwa simu nayo yameenea nchini. Leo mwenye duka wa Mwanza au Dar es Salaam aweza kutazama picha ya chupa katika simu yake, akauliza bei, akalipa, na mzigo ukapakiwa kwenye basi.

Mteja huyo haonji. Husoma lebo. Ataka chupa safi iliyofungwa vizuri, yenye uzito, tarehe, mahali ilikotoka asali, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Chama kinachouza asali kwa ndoo tu humwachia mfungashaji kazi hiyo, pamoja na faida yake. Hapo jina la Tabora ndilo linalouza, na mrina asali abaki na bei ya ndoo.

Wajibu wa chama

(a) Kuuliza kabla ya kufungasha. Katibu aweke daftari la maulizo: nani ameuliza, kipimo gani, na alipata wapi habari zetu. Chupa zinunuliwe kwa kufuata daftari hilo.

(b) Kumfuata mteja alipo. Redio ya mkoani yafaa kwa wanunuzi wa karibu. Picha na ujumbe wa simu kwa wenye maduka wa mijini. Ubao mnadani kwa wapita njia. Tusilipie tangazo mahali ambapo mteja wetu hasikilizi.

(c) Kusema kweli. Asali iliyotiwa sukari ikiuzwa mara moja, malalamiko husambaa kwa simu siku hiyo hiyo, nao wanachama waaminifu huadhibiwa pamoja na mkosaji.

(d) Kulinda fedha. Namba ya kupokea malipo iwe ya chama, isiwe ya katibu wala ya mwenyekiti. Kila malipo yakatiwe stakabadhi na kuingizwa katika kitabu cha fedha siku ile ile. Gharama za matangazo ziwemo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Fedha iliyopita katika simu ya mtu binafsi ni vigumu kuikagua, na huzaa shaka hata kama hakuna aliyeiba.

Maswali ya kujadili chamani

1. Wateja wetu watatu wakubwa walipataje habari zetu?
2. Ni kiasi gani cha asali yetu huuzwa kwa ndoo, na kiasi gani kwa chupa? Tofauti ya bei ni ipi baada ya kutoa gharama?
3. Malipo ya simu ya mwezi uliopita yaliingia katika namba ya nani?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao, ili mkaguzi afikapo ayakute.