RAMANI YA VYOO NA VISIMA



Sote tunajua kolera. Mwaka 2008 iliwapiga watu wa Likasi na Lubumbashi. Uchafu wa choo unaingia katika maji, nasi tunakunywa. Lakini uchafu wa choo gani, na maji ya nani? Ramani inaweza kujibu.

Mwaka 1854 kolera iliua watu zaidi ya 600 katika kartie moja ya London. Mganga John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba, kisha akatia alama kwenye ramani kwa kila aliyekufa. Alama zilijaa karibu na pompi ya Broad Street. Mchungaji msaidizi Henry Whitehead hakusadiki, akaenda kutafuta mwenyewe. Ndiye aliyepata chanzo: katika nyumba nambari 40 mtoto mchanga aliugua, na mama yake alimwaga maji ya nepi katika shimo la uchafu. Mwaka 1855 walifukua pale. Matofali ya shimo yalikuwa yameoza, na kisima kilikuwa karibu, hata metre moja haikutimia. Tena watu walipenda maji yale kwa sababu yalionekana safi!

Sasa tufanye hivi katika komini zetu, Kikula, Panda, Shituru na Likasi:

1. Andika barabara, parseli na mito.
2. Tia alama nyekundu kwa kila choo na fosi septiki, buluu kwa kila kisima.
3. Chora mshale kufuata mteremko. Tazama maji ya mvua yanakimbilia wapi.
4. Pima kwa hatua. Kati ya choo na kisima ziwe metre 30 au zaidi.

Nyekundu ikiwa juu na buluu chini karibu yake, hapo ni hatari. Parseli ina ukuta, lakini maji ya chini ya udongo hayajui ukuta. Mvua ikinyesha sana, shimo linajaa na hatari inazidi.

Ukiona hivyo, usimtangaze jirani barabarani. Mwambie kwa heshima, maji yachemshwe au yatiwe klori, na choo kipya kichimbwe mbali. Kumbukumbu la Torati 23 iliwaagiza Waisraeli kufukia uchafu wao nje ya kambi. Kumpenda jirani kunafika mpaka chooni.

MASWALI: Kisima chenu kiko upande gani wa choo cha jirani? Na choo chenu, je, kiko juu ya kisima cha nani?